Mbona kila nikicheza nachagua kuwa mjusi?

MchongaNakshi, Lamu

Asalaam aleikum. Nina miaka 24, nachonga milango kwenye karakana ya mjomba wangu, Mkomani. Usiku nikishakung'uta vumbi la mbao nafungua kompyuta nacheza Skyrim. Ni mchezo wa 2011, lakini mashine yangu haiwezi mipya. Una makabila 10 ya kuchagua, na mawili tu ndiyo yenye sura ya mnyama: Khajiit, ambao ni paka, na Argonian, ambao ni mijusi. Nimeuanza upya mara tano, na zote tano nikawa Argonian.

Juzi binamu yangu alikaa nyuma yangu akauliza, "Mbona huwi mtu?" Nilikosa jibu, na swali halijanitoka.

Watu hawanichukii wala mimi siwachukii. Ila nikiwa nao sijui nijiweke wapi. Jioni pale Mkunguni mabaraza yamejaa. Utoe salamu, uulizwe habari za nyumbani, ujibu, nawe uulize. Wenzangu inawatoka tu. Mimi naanza kuipanga tangu kona ya nyuma, na nikifika nasema masalkheri mara mbili kwa mtu yule yule. Harusini tunazunguka sinia la pilau wanne, wanacheka, nami natazama mikono yao nijue lini niseme kitu. Nikishapata la kusema, wameshahamia jambo jingine. Siku nyingi nikitoka kazini napita vichochoro vya ndani, najibana ukutani punda wa mchanga wapite, ili nisipite mbele ya watu.

Siku moja nilijaribu kutengeneza mtu. Saa nzima nahangaika na pua na mashavu, nikaona ni kazi ile ile ya barazani, uso ukae sawa. Nikaacha kabla ya kuanza kucheza. Mjusi hakuna anayengoja afanane naye, magamba yanaonekana tangu mbali. Tena Argonian anapumua majini. Huwa nakaa chini ya mto natazama mwanga unavyotikisika juu, na hakuna anayeniita. Kuna mji unaitwa Windhelm ambako hao mijusi hawaruhusiwi kuishi ndani ya kuta, wanalala gatini wanakopakua mizigo. Nilipofika pale nilisimama nao muda mrefu.

Je, kuna mwenzangu, au mimi nina kasoro?

BintiMalindi

Kaka, mimi hapa. Nina kigugumizi. Dukani nanyoosha kidole, kwa sababu neno "sukari" linaweza kunichukua dakika. Mchezo wangu ni Stray, wa 2022. Wewe ni paka, mwanzo mpaka mwisho, ndani ya mji uliofungwa ambao wakazi wake ni maroboti. Paka hasemi. Ana kidroni kinaitwa B-12 kinachomtafsiria, na kuna kitufe kimoja cha kulia nyau. Mara ya kwanza nilikibonyeza nikalia kweli, si paka, mimi. Sauti ilitoka pale pale nilipoitaka.

Usijiite kasoro.

Ami wa Langoni

Mwanangu, michezo hiyo siijui na sikukatazi. Ila vichochoro vya nyuma usivizoee sana, utakuja kukosa hata wa kukubebea ngazi. Ukiona salamu inakushinda, nenda wanapocheza bao. Pale hakuna maneno mengi, macho yote yako kwenye kete. Kaa tu.

MchongaNakshi, Lamu

Ami, shikamoo. Nilikwenda Jumamosi baada ya alasiri. Mzee mmoja alinitazama, akasogea kidogo, nikakaa. Hakuniuliza mimi ni wa nani. Nilikaa mpaka adhana ya magharibi, na nikajua nani atashinda kabla yao. Kurudi nilipita vichochoro vya nyuma, nisikufiche.

Dada, huo wa paka sidhani mashine yangu itauweza, lakini nikipata kwa mtu nitaujaribu. Huku kwetu paka wamelala kila kizingiti cha mlango, nawajua zaidi ya majirani. Hivi huyo wako analala?

BintiMalindi

Analala. Kuna mito na makochi hapa na pale, unabonyeza anajikunja, halafu picha inarudi nyuma polepole mpaka unaona mtaa wote. Unamwacha hapo unavyotaka. Hakuna anayekuja kumwamsha.