Ndugu wa kanisa anataka nimdhamini mkopo wa SACCO, nifanyeje?

mwalimu_ahero (Kisumu)

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba ushauri ju hii kitu imeninyima usingizi. Kuna ndugu tunaabudu naye, tuko ushirika mmoja wa nyumbani, anataka kuchukua mkopo wa 600,000 kwa SACCO yetu anunue Probox ya kubeba watu na mizigo Ahero hadi Kondele. Akiba yake huko ni 200,000 kwa hivyo anaomba mara tatu yake, na fomu inataka wadhamini wanne. Jumapili baada ya ibada akaniletea hiyo fomu, majina matatu yashaandikwa na namba za uanachama na sahihi, mstari wa nne ndio uko wazi, ananiambia mwalimu huu ni wako.

Si ati simpendi. Tukimzika baba, huyu jamaa alilala kwetu mpaka matanga ikaisha, yeye ndiye alikuwa anatafuta maji, anapanga viti vya wageni, hata jenereta ni yeye alikuwa anaamka usiku kuongeza mafuta. Mtu kama huyo unamwambiaje hapana? Lakini mama watoto amekataa katakata, anasema Mithali 22:26 imekataza kudhamini madeni ya watu, na akiba yetu huko ni ya karo ya kijana anayeingia chuo. Sasa nauliza, kudhamini ni dhambi? Na nikikataa, ile ya kuchukuliana mizigo ya Wagalatia 6:2 nitaiweka wapi?

mama_wa_section58 (Nakuru)

Mwalimu, nimefanya kazi ya mikopo kwa SACCO miaka mingi, mambo ya dhambi wazee watakujibu, mimi wacha nikuambie hiyo sahihi inafanya nini. Watu wanaonanga kudhamini ni kama kumtolea mtu ushuhuda kwamba ni mwaminifu. Hapana. Kwa SACCO nyingi ukishasaini, kile kiasi umedhamini kinafungwa ndani ya akiba yako, huwezi kujitoa uanachama uchukue pesa zako mpaka amalize kulipa ama apate mtu wa kuchukua nafasi yako. Akishindwa, wanakula kwanza akiba yake, ile 200,000, alafu kinachobaki ndio kinagawiwa wadhamini. Kwa hiyo yako ni kama 100,000 mkopo ukiwa bado mbichi. Na usome maandishi madogo chini, fomu nyingi zinasema mnawajibika pamoja na kila mmoja peke yake, maana yake hao watatu wakikosekana wewe unaweza kufuatwa kwa deni lote lililobaki.

Tena piga hesabu ya gari. Kama riba ni 12% kwa mwaka kwa salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki tu, na analipa miezi 48, kila mwezi ni karibu 15,800. Sasa hiyo Probox itoe mafuta, bima, gereji, chakula cha nyumbani kwake, na bado 15,800 ibaki, na mwezi gari liko kwa fundi ile 15,800 haingoji. Mtu wa mshahara anakatwa kabla pesa haijamfikia na sheria inasema lazima abaki na angalau theluthi moja, lakini huyu wako ni wa biashara, atakuwa analeta mwenyewe. Umeshaona vitabu vyake? Hata stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita?

mzee_lugari

Mulembe mwalimu. Mama watoto yuko sawa na Mithali, sura ya 6 inaendelea hata inasema kama umeshajifunga kwa maneno ya kinywa chako nenda ukajinyenyekeze ujiokoe, usilale. Lakini kusema ni dhambi, hapo mimi siendi. Yuda alimdhamini Benyamini mbele ya baba yao, Mwanzo 43:9, akasema umtake mkononi mwangu. Paulo alimwandikia Filemoni kuhusu Onesimo, akasema kama unamdai kitu kiandike juu yangu, mimi nitalipa. Waebrania 7:22 Yesu mwenyewe anaitwa mdhamini. Angalia tu hao wote walisimamaje. Hakuna mmoja aliyesaini akitumaini hatalipa. Walisema nitalipa, na walimaanisha.

Kwa hiyo jiulize hivi, hii 100,000 ikienda kesho, bado utamsalimia huyu ndugu kwa upendo mlangoni pa kanisa? Na kijana ataenda chuo? Kama jibu ni ndiyo yote mawili, saini. Kama karo ndiyo hiyo hiyo, basi unadhamini na kitu si chako tena, ni cha mtoto, na 1 Timotheo 5:8 haijaacha nafasi hapo. Paulo tena, 2 Wakorintho 8:12, nia ikiwepo inakubaliwa kulingana na alichonacho mtu, si asichonacho.

boda_webuye

Kwa heshima wazee lakini mnaongea kama watu wenye shamba lenye hati. Sisi hatuna. Pikipiki yangu ya kwanza nilidhaminiwa na watu wa kanisa, wangesoma hiyo Mithali vile mnaisoma saa hii ningekuwa bado naendesha ya mtu na kumpelekea pesa kila jioni. Mkristo akikataa kumdhamini Mkristo huyo mtu anaenda wapi? Anaenda kwa mikopo ya simu, anakopa hii kulipa ile, na hiyo ndiyo utumwa wenyewe, Mithali 22:7. Mwalimu huyo ndugu alikubebea msiba, usimwache.

mama_wa_section58

@boda_webuye ni kweli na nimefurahi ulilipa, ndio maana sijasema akatae. Kuna njia katikati. Mwalimu uliza SACCO kama gari lenyewe linaweza kuwa dhamana, logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, iandikwe jina lake na la SACCO pamoja, wengine wanakubali, na hapo mzigo wa wadhamini unapungua. Ama aanze na gari la bei ya chini, akope 400,000, hiyo kwa masharti hayo hayo ni kama 10,500 kwa mwezi, na wadhamini wanabakiwa na 200,000 pekee ya kugawana.

mwalimu_ahero

Asanteni sana, nimesoma yote nikasomea na mama watoto. Ya logibuku hatukuwa tunaijua. Tumekubaliana karo haiguswi, lakini juu ya karo kuna kama 40,000 kwa akiba yetu, hiyo tuko tayari hata ikipotea. Nitaita huyo ndugu nyumbani na mke wake, tukae wanne, alete hesabu ya biashara, kama SACCO itakubali niandike 40,000 na wengine wajaze iliyobaki nitasaini. Wakikataa basi nitamchangia 15,000 ya mkononi na asinirudishie.

mzee_lugari

Vizuri. Mwite kabla ya Jumapili, asikungoje na fomu imebaki mstari mmoja. Na tafadhali usimwambie umeomba na Bwana amekataa. Mwambie ni karo ya mtoto.