Naomba ushauri: siku tatu bila umeme, chakula chote kimeharibika

Habari zenu ndugu zangu. Niko Portland, Maine, na mke wangu na watoto watatu. Barafu iliangusha tawi juu ya nyaya, tukalala gizani siku tatu. Friza ilikuwa imejaa: nusu mbuzi tuliyechangia na jirani, samaki, na sombe aliyoitwanga mama mkwe. Najua friza iliyojaa ikibaki imefungwa hutunza baridi kama saa 48, friji saa 4 tu. Nilipofungua siku ya tatu, maji mekundu yalichuruzika hadi sakafuni. Tumetupa vyote, na imeniuma sana.

Kampuni ya umeme inasema dhoruba si kosa lake. Lakini tawi lile liliegemea waya tangu kiangazi na tuliwaarifu kwa simu. Je, hapo hawawajibiki? Nianzie wapi kulalamika?

Bima ya mpangaji ninayo, ila dola 500 za kwanza najilipia mwenyewe. Nyama tuliinunua kwa SNAP (msaada wa serikali wa kununulia chakula), na hasara inatakiwa kuripotiwa ndani ya siku 10. Leo ni ya sita. Aliyewahi kujaza fomu ya kuripoti hasara hiyo ya SNAP, walikudai ushahidi gani? Nina picha mbili tu.