Je, vitambuzi vingeharakisha kurejesha umeme Puerto Rico?

Swali: Ndugu zangu, kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, kisiwa kizima kilikosa umeme, na baadhi ya wakazi walisubiri karibu miezi 11. Je, vitambuzi (vifaa vinavyohisi hitilafu) kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme, vingesaidia?

Jibu: Ndiyo, ndugu. Kitambuzi kilichofungwa kwenye waya hupima mkondo, na hitilafu inapopita hutuma ujumbe, hivyo mafundi huelekea moja kwa moja kwenye kipande kilichoharibika badala ya kukagua nguzo moja moja milimani.

Jibu: Nakubali, lakini minara mingi ya simu nayo ilizimika, kwa hiyo kitambuzi kinachotegemea mtandao huo pekee kingenyamaza. Picha za setilaiti za mwanga wa usiku zilionyesha vijiji vilivyobaki gizani; nadhani njia zote mbili zinahitajika.

Muulizaji: Nashukuruni. Betri za vitambuzi hivyo hudumu muda gani?