Ngome zangu mbili zinaliwa, niokoe moja au niziache zote? Msaada wa haraka wakuu

Mpanda_Farasi: Wakuu salaam. Usingizi umekata tangu juzi. Nacheza sataranji, kete nyeupe ni zangu. Malkia wa jamaa kala askari wangu wa b2 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), sasa anaichungulia ngome yangu ya a1. Huku kwingine askofu wake wa c5 kaikodolea macho ngome ya g1. Mfalme wangu yuko f1, hana pa kujificha. Ila farasi wangu wako d5 na f5, malkia f3, askofu f4, na mfalme wake bado kasimama e8. Roho inanituma nipeleke askofu d6, ngome ziliwe tu zote. Niko sahihi au nimechanganyikiwa?

MzeeWaVizibo: Mimi ni wa drafti, kwetu kula ni lazima, kwa hiyo mlishe. Kijiweni kwetu Tandika tulicheza kwa vizibo vya soda. Alikuwepo fundi viatu mmoja, anakulisha kete tatu huku anakusimulia habari za mkewe, ukija kushtuka kashaingia kingi. Yule bwana angepewa ngome mbili angekulisha na meza.

BintiShangani: Mchezo gani huo unakukosesha usingizi siku mbili? Kuna kitu hujasema.

Mpanda_Farasi: Tunacheza kwenye simu dada, kila hatua ina siku tatu.

BintiShangani: Kumbe bado unaendelea! Na mwenzio anajua kama umekuja kutuuliza? Ni nani?

Mpanda_Farasi: Mjomba wangu, yuko Muscat. Kaahidi nikimfunga ananinunulia simu. Hii yangu kioo kimepasuka kuanzia pembe ya h1, kete ikikaa pale naibahatisha. Msinihukumu wakuu. Yeye kaanza kucheza mimi sijazaliwa, mimi nimejifunza mwaka jana. Kuuliza si wizi.

UstadhWaMtaa: Mdogo wangu, mashindano yenye zawadi kwa mshindi yana maneno, na hapo umeongezea hila kwa ndugu wa mama yako. Mjomba ni mzazi. Mpigie, mwombe hiyo simu kwa adabu, atakupa bila kuangusha ngome yoyote.

MzeeWaVizibo: Ustadh, na mimi niombee kwa mjomba.

FundiSaa: Ngojeni kwanza. Nimezipanga kete mezani, na wakuu, hii ni chai. Tena chai ya mwaka 1851! Huo ni mchezo wa Adolf Anderssen na Lionel Kieseritzky, London, tarehe 21 Juni, ukumbi wa Simpson's pale Strand. Mashindano makubwa yalikuwa yanaendelea mjini, wao wakakaa pembeni kujifurahisha. Anderssen, mwalimu wa hisabati kutoka Breslau, akatoa kafara askofu, ngome zote mbili na malkia, kisha akatia mati, yaani akamfunga mfalme kabisa, hatua ya 23 kwa farasi wawili na askofu. Mwenzake alikuwa kapoteza askari watatu tu! Falkbeer, bingwa mwingine wa sataranji wa enzi hizo, akauita mchezo usiokufa mwaka 1855. Huyu bwana kanakili hali ya ubao baada ya hatua ya 17, kaongezea mjomba na kioo kilichopasuka. Acha kutupanga.

BintiShangani: Nilijua tu. Weka picha ya ubao.

Mpanda_Farasi: Picha nitapigia nini wakati simu ndiyo hiyohiyo? Sawa, nakiri, mchezo wa Anderssen naujua, nimeukariri. Lakini mjomba ndiye aliyeanza! Nilitoa askari wa f4, akala. Nikatoa askofu c4, akanipa shaha, yaani akamtishia mfalme wangu, kwa malkia h4, kisha akasukuma b5. Nikaona mbona hii njia naijua, nikaifuata. Kosa langu liko wapi?

FundiSaa: Hatua 17 zote zifanane kwa bahati? Mtu arudishe farasi g8 hatua ya 14 kama Kieseritzky, bila kumjua Kieseritzky? Ama huna mjomba, ama mjomba naye kaukariri na anakungoja mahali. Chagua.

JiraniMwema: Tuseme ni kweli. Mimi nampenda zaidi Morphy, yule bingwa wa sataranji Mmarekani, Paris mwaka 1858, ndani ya opera. Duke wa Brunswick na Count Isouard walishauriana dhidi yake, akawamaliza kwa hatua 17. Alitoa kwanza kete zote nyumbani, ndipo akamtupa malkia b8 na ngome ikamaliza kazi d8. Hata hapa, ngome zako ziliwe zisiliwe, dawa iko kwa mpinzani. Ngome zake mbili, farasi wawili na askofu wa c8 wote wako walikopangwa. Malkia anazurura peke yake sokoni wakati nyumba inaungua.

FundiSaa: Hapo umenena. Lakini askofu d6, pamoja na uzuri wake wote, si hatua bora. Wachambuzi wa baadaye wanapendelea askari d4, au askofu e3. Kieseritzky alikosea alipokula g1 kwa askofu, kwa sababu askari wa Anderssen aliyesogea e5 akamkatia malkia njia ya kurudi kulinda. Steinitz, bingwa wa dunia wa baadaye, alionyesha dawa: ale kwanza a1 kwa malkia, shaha, mfalme akipanda e2 malkia arudi b2. Cheza d4, kama kweli kuna mchezo.

Mpanda_Farasi: Mkuu, askofu d6 nimeshatuma tangu asubuhi.

BintiShangani: Sasa ulikuja kuuliza nini?

Mpanda_Farasi: Nilitaka mniambie niko sahihi. Halafu Anderssen alishinda nayo, nyie ni nani?

UstadhWaMtaa: Subhanallah.

Mpanda_Farasi: Mrejesho. Mjomba kajibu sasa hivi. Malkia kala a1, shaha. Chini yake kaandika: "Habari za Breslau, Adolf?"

FundiSaa: Bado nasema chai. Ila huyo mjomba nampenda.

MzeeWaVizibo: Kijana, mimi nina kitochi hapa, betri inakaa wiki nzima. Nikutumie?