Mrejesho: kusomewa mapato na matumizi ya kijiji, Bagamoyo

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niliuliza tufanyeje: kijiji chetu huku Bagamoyo kilimaliza mwaka bila kusomewa mapato na matumizi, na michango ya darasa tulishatoa. Asanteni sana, hasa mliosema tusikae kumsubiri mbunge.

Kilichosaidia ni barua. Ielekezwe kwa Mtendaji wa Kijiji, nakala kwa Mtendaji wa Kata na Mkurugenzi wa Halmashauri. Itaje Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, na kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu. Wasaini wakazi wa miaka 18 na zaidi, majina yasomeke. Kubwa kuliko yote, nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe. Barua ya kwanza haikugongwa, ikapotelea mezani.

Mkutano uliitishwa, hesabu zikasomwa. Ila zilisomwa jumla tu, bila stakabadhi wala hati za malipo. Tulidai mchanganuo, na dai likaandikwa kwenye muhtasari. Msikubali ahadi ya mdomo, mkutano ujao hamtakuwa na pa kuidai.

Swali la Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za kuchochea maendeleo ya jimbo, limekwama. Kamati yake, kwa sheria ya 2009, mwenyekiti ni mbunge, kwa hiyo mkutano wa kijiji hauna majibu. Barua imekwenda ofisini kwake na kwa Mkurugenzi, zote zina muhuri. Mpaka leo kimya, na inauma, maana foleni ya kura tuliipanga tangu alfajiri.