Mjadala: Klabu gani iliuza vipaji mapema kuliko zote?

Winga wa Majengo
Tumalize ubishi wa barazani leo. Nasema Chelsea, na sioni mpinzani. De Bruyne walimchukua Genk Januari 2012 kwa karibu pauni milioni 7, wakampa mechi 3 za ligi, wakamuuza Wolfsburg Januari 2014 kwa milioni 18 hivi. Mwezi huohuo wakamleta Salah kutoka Basel. Mechi 13 za ligi, mabao 2, kisha kwaheri, na Liverpool wakamnunua. Watu wawili waliokuja kuitawala ligi ya Uingereza kwa miaka, wote walikuwa mali ya klabu moja. Mwenye klabu mbaya zaidi ailete.

Kisauni Kwetu
Arsenal. Gnabry waliwapa Werder Bremen 2016 kwa pauni milioni 5. Oktoba 2019 akarudi London na Bayern, akawafunga Tottenham 4 peke yake kwenye ile 7-2. 2020 ana Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mkononi. Mwaka huohuo Arsenal wakamuuza Martínez kipa kwa Aston Villa, 2022 akawa bingwa wa dunia. Chelsea angalau De Bruyne aliwaachia faida. Nao Manchester United walimuuza Pogba kwa laki 8 wakaja kumnunua kwa milioni 89. Hiyo nayo muiweke wapi?

Karani wa Tudor
Pogba hakuuzwa, yakhe. Mkataba uliisha 2012 akaondoka zake. Ile laki 8 Juventus walilipa ni fidia ya mafunzo, kwa kuwa alikuwa hajafika miaka 23. Gnabry naye alibakisha mwaka 1 na hakutia saini mpya. Klabu iliyobaki na mwaka 1 haiuzi, inaokoa kilichobaki. Na Salah hakutoka Chelsea kwenda Liverpool: alienda Fiorentina kwa mkopo, Roma kwa mkopo, 2016 Roma wakamnunua moja kwa moja, na Roma ndio waliomuuza Liverpool 2017 kwa yuro milioni 42 kabla ya nyongeza.

Mkitaka kosa la kweli, tazameni Barcelona na Thiago 2013. Bei ya kuvunja mkataba wake ilikuwa yuro milioni 90, lakini kulikuwa na kipengele kwamba asipopewa dakika za kutosha uwanjani bei inashuka hadi 18. Kocha hakumchezesha kiasi hicho, bei ikashuka, Bayern wakamchukua kwa 25. Kalamu ndiyo iliyomuuza. Linganisha na Real Madrid: Carvajal walimuuza Leverkusen 2012 kwa milioni 5, ndani ya mkataba wakaandika haki ya kumrudisha, 2013 wakamrudisha kwa 6.5. Morata hivyohivyo: Juventus 2014 kwa 20, akarudi 2016 kwa 30, mwaka uliofuata Chelsea wakalipa maradufu. Kuuza mapema si kosa. Kosa ni kuuza bila kamba.

Na hao angalau huuza. Huku Pwani ya Kenya sisi tunagawa.

Mbaraki Mashariki
Tunagawa? Nani anagawa? Karani, wewe una tabia ya kuiponda Pwani kila mjadala ukianza. Bandari ya Mombasa msimu wa 2018/19 walimaliza wa pili ligi kuu, wakabeba kombe la Ngao, wakaingia Kombe la Shirikisho Afrika. Farouk Shikalo alitoka golini kwao, pale Mbaraki, akaenda Yanga 2019. Hiyo ni klabu ya kugawa? Taja jina au nyamaza.

Winga wa Majengo
Jamani swali ni Chelsea. Na Karani, kupitia Roma au kupitia Shimanzi, Chelsea ndio walioshindwa kumwona Salah. Mabao 32 msimu wake wa kwanza Liverpool!

Likoni Feri
Winga, angecheza wapi? 2014 Chelsea ilikuwa na Hazard, Willian, Oscar na Schürrle, na Mata walikuwa wamemwachia aende United kwa milioni 37. Kijana wa miaka 21 anahitaji dakika. Angekaa benchi miaka 3 leo tusingemjua. Wachezaji wengine huiva kwa sababu waliuzwa.

Lakini Karani nimemwelewa, na Mbaraki amejibu kitu kingine. Shikalo alikuwa mtu mzima mwenye mkataba. Swali ni yule wa miaka 14 anayecheza viwanja vya Tononoka, Serani au Bomu.

Karani wa Tudor
Ahsante Likoni. Mbaraki, sikuitaja Bandari hata mara moja, umejivika kofia mwenyewe.

Hesabu ni hii. Kila mchezaji anaponunuliwa kwa fedha na klabu ya nchi nyingine akiwa bado kwenye mkataba, asilimia 5 ya ada hukatwa igawiwe klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi 23. Misimu ya 12 hadi 15, kila mmoja ni robo asilimia ya ada. Kuanzia 16, kila msimu ni nusu asilimia. Sasa chukueni Victor Wanyama, kiungo wetu wa Kenya. Southampton waliwalipa Celtic ya Scotland pauni milioni 12.5 mwaka 2013. Robo asilimia ya hiyo ni pauni 31,250. Alizaliwa 1991, alienda Sweden 2007, kwa hiyo misimu minne ya 12 hadi 15 yote ni ya Kenya: pauni 125,000. Zaidi ya shilingi milioni 15. Hiyo ni kwa uhamisho mmoja. Tottenham walipomchukua 2016 kwa milioni 11 haikuhesabiwa, kwa kuwa ulikuwa uhamisho wa ndani ya Uingereza; uhamisho wa aina hiyo uliingizwa Julai 2020, kwa klabu za nje zilizomlea mchezaji.

Halafu kuna fidia ya mafunzo, ambayo ni fungu jingine kabisa. Kijana akitoka hapa akiwa na miaka 18 akasaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa Ulaya, klabu mpya inalipa kila mwaka wa malezi. Miaka ya 12 hadi 15 ni yuro 10,000 kila mmoja. Ya 16 na 17 huhesabiwa kwa daraja la klabu inayomchukua, yaani kiwango inachotumia kulea vijana, si daraja la ligi. Ikiwa daraja la tatu la UEFA ni 30,000 kwa mwaka. Jumla yuro 100,000, hata kama ada ya uhamisho ni sifuri. Ndiyo maana nasema tunagawa.

Kisauni Kwetu
Maneno matamu ya makaratasi. Kocha wa mtaani ananunua mipira, analipa refa, anakodi matatu hadi Kilifi, mtoto akiumia anampeleka hospitali. Halafu anakuja mtu na kikokotoo kumwambia "unagawa". Mnamtukana anayelea. Akija wakala na laki 2 mkononi na kodi ya nyumba imefika, huyo kocha akatae?

Karani wa Tudor
Asikatae. Achukue laki 2 na aandike. Wakala mara nyingi huja na karatasi mbili: moja barua ya kumwachilia kijana, nyingine inasema akademia haitadai chochote milele. Kocha husaini zote mbili kwa pamoja. Ya kwanza isaini. Ya pili irudishe. Hakuna sheria inayomlazimisha.

Mbaraki Mashariki
Na hao makocha wako wanaoficha barua miaka 2 mpaka kijana anaacha mpira? Hilo husemi. Huku wapo vijana waliokwama kwa sababu mwenye timu anataka "chake" kwanza.

Kisauni Kwetu
Kwa hiyo sasa kocha ni mwizi?

Likoni Feri
Hapana aliyesema mwizi. Barua inafichwa kwa sababu kocha anajua ndiyo silaha yake pekee, na hiyo ni kwa kuwa hakumsajili kijana rasmi. Aliyesajili hana haja ya kuficha barua, haki yake imeandikwa FIFA. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi ya FIFA iliyoko Paris, na inachotazama ni pasipoti ya mchezaji, si ile ya kusafiria: klabu gani, tarehe gani hadi tarehe gani. Asiyekuwamo kwenye orodha hiyo hata picha elfu hazimsaidii.

Winga wa Majengo
Basi turudi. Palmer! City walimuuza Chelsea Septemba 2023 kwa milioni 40 na nyongeza 2.5, akafunga mabao 22 ya ligi msimu wa kwanza. Hapo Chelsea wamelipiza.

Karani wa Tudor
City walijua wanachofanya. Mchezaji uliyemnunua kwa 50 kwa miaka 5 huingia vitabuni kama gharama ya 10 kila mwaka. Wa akademia hana gharama hiyo vitabuni, ukimuuza fedha yote ni faida siku hiyohiyo. Ndiyo sababu wanaouzwa kwanza ni watoto wa nyumbani.

Kisauni, sikumtukana kocha. Namwambia wapi fedha yake inapotea. Ya kwanza, timu haijasajiliwa na tawi la shirikisho, kwa hiyo mbele ya FIFA si klabu. Ya pili, misimu ya kijana inaandikwa kwa shule. Shule si klabu mwanachama, hata iwe bingwa wa kaunti. Ya tatu ni umri. Mtoto kasajiliwa na miaka 12, akifika 18 mtu kamkata miaka 3 ili aonekane chipukizi. Tarehe hazilingani, historia ya nyuma inakatika, na aliyelea ndiye anayepoteza.

Likoni Feri
Ongeza majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, usajili unasema Muhammad, pasipoti imeweka jina la babu mwisho. Kwenye mfumo hao ni watu watatu. Nakili jina herufi kwa herufi kutoka cheti cha kuzaliwa, na uchukue nambari ya mchezaji ya FIFA siku ya kwanza.

Mbaraki Mashariki
Na asilimia ya mauzo yajayo je? Kila mtu husema "tumeweka 20".

Karani wa Tudor
Ishirini ya nini? Umeuza kwa milioni 1, wao wakauza kwa 6. Asilimia 20 ya bei yote ni milioni 1.2. Ya faida ni milioni 1. Isipoandikwa, watasema ya faida. Na mkataba wake ukiisha akaondoka bure, 20 ya sifuri ni sifuri, kwa hiyo weka pia malipo ya kila mechi 10 atakazocheza.

Kisauni Kwetu
Haya. Kijana ana miaka 15, timu imesajiliwa mwaka huu tu, alianza nasi na 12. Ile miaka 3 ya nyuma inarudi?

Karani wa Tudor
Hairudi kwa maneno. Kama kuna timu iliyokuwa mwanachama wa tawi iliyomsajili wakati huo, hata ya watoto, katafute fomu zake na orodha za ligi, shirikisho liziingize kabla hajasafiri. Kama hakuna, anza na mwaka huu. Na usingoje: madai yakipita miaka 2 tangu fedha ilipostahili kulipwa, baraza la FIFA halisikilizi.

Kisauni Kwetu
Tawi lenyewe hufunguliwa siku gani?

Mbaraki Mashariki
Huyo sasa umemuuliza swali la kweli.

Winga wa Majengo
Kwa hiyo hakuna anayenijibu kuhusu De Bruyne?