Lushoto au Amani? Tunapanda mlimani, nisaidieni kuchagua

Mama Nasri (Makorora)
Habari za jioni wapendwa. Baba watoto kapata likizo, na tumekubaliana safari hii hatwendi Dar kwa shemeji, tunapanda mlimani. Yeye anataka Lushoto, mie moyo wangu uko Amani, kule juu ya Muheza. Aliyelala huko aniambie, wapi kuzuri? Ijumaa natakiwa nitume malipo ya awali ya chumba.

Mzigua Mpole
Lushoto. Usijisumbue.

Kaka wa Duga
Dada, hujasema mnakwenda mwezi gani, mko wangapi, wala kama mna gari. Amani ya Februari na Amani ya Mei ni vitu viwili. Na mfukoni mna kiasi gani?

Binti Mbondei
Amani jamani! Watu wanasimama Muheza kununua machungwa tu, hawajui juu kule kuna nini. Bustani ya miti waliianzisha Wajerumani mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka nchi za mbali bado imesimama. Vijijini iliki na pilipili manga zinaota chini ya kivuli cha msitu, mtoto anavunja jani la mdalasini ananusa. Usiku mnatoka na tochi kutafuta vinyonga wenye pembe. Lushoto ataona nini, kabichi?

Msambaa wa Soni
Kabichi hiyo ndiyo inayolisha Tanga nzima, dada. Tuheshimiane.

Mama Nasri (Makorora)
Samahanini. Tuko saba: sisi wawili, watoto wanne, mdogo ana miaka miwili, na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua. Ni likizo ya Juni. Gari hatuna, tunafikiria kukodi Noah. Laki sita, chakula humo humo.

Abuu Chumbageni
Mama Nasri, umetaja Noah, basi nisikilize. Sisi tulikodi Noah hapa mjini kwenda Amani wakati wa masika. Dereva akatuapia gari linapanda. Mpaka Sigi, pale geti la hifadhi, tulifika salama tukalipa kiingilio. Kutoka hapo ni kona juu ya kona, udongo mwekundu, upande huu mlima, upande ule bonde. Mvua ikashuka. Tairi zikaanza kuzunguka pale pale, gari likawa linarudi nyuma polepole kuelekea mtaroni. Dereva akakata majani akatandika, hola. Tukashusha watoto, mabegi, ndoo ya maandazi, tukajibanza chini ya mti, na simu haishiki mtandao. Giza lilishaanza lilipotokea lori la majani ya chai. Utingo akaruka na mnyororo, wakatuvuta hadi penye tambarare, hawakutaka hata senti. Yule dereva wetu sasa, tulipofika juu, akadai nyongeza ya usumbufu! Tukakataa, asubuhi akatuacha huko huko, tukashuka na basi. Msitu ni mzuri, siulaumu msitu. Nawalaumu wanaochukua pesa ya familia na kuapa njia ni nyepesi.

Binti Mbondei
Pole sana kaka. Lakini hiyo ilikuwa masika. Juni mvua kubwa zimeshapita.

Kaka wa Duga
Zimepita Tanga mjini. Milima ile ndiyo inayogongwa kwanza na upepo wa bahari, manyunyu hayakatiki. Juni utelezi upo.

Msambaa wa Soni
Mombo mpaka Lushoto ni lami, kilomita 33. Kona zipo, watoto washike ndimu wanuse. Soni kuna maporomoko kando ya barabara, bibi anayaona bila kupanda kilima. Irente anasimama ukingoni anaona Mazinde na mashamba ya mkonge chini kabisa, halafu mnapitia pale shambani Irente kwa mkate, jibini na jamu. Na hospitali ya wilaya iko mjini, kwa mtoto wa miaka miwili hilo ndilo la kwanza. Ila Juni baridi si mchezo. Maji ya moto usiridhike kuambiwa yapo, yafunguliwe umesimama pale.

Mzigua Mpole
Mkitaka Usambara yenyewe nendeni Mtae. Mawingu yanapita chini yenu.

Kaka wa Duga
Mtae na magoti ya mama mkwe? Mzigua, soma kwanza.

Binti Mbondei
Mmesahau lile ua la zambarau wanalolipanda Ulaya kwenye vyungu. Asili yake misitu yetu hii. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Mjerumani, alipeleka kwao mwaka 1892. Huko dirishani kwa kila bibi, hapa Tanga sijaliona barazani hata moja. Linaniuma.

Bi Zuhura Raskazone
Mimi ninalo, mwanangu. Halitaki jua kali wala maji juu ya majani, mwagilia chini.

Binti Mbondei
Kweli bibi? Naomba jani moja tu, nasikia linashika mizizi kwa jani.

Bi Zuhura Raskazone
Njoo Jumamosi, uje na chungu kidogo.

Abuu Chumbageni
Na mimi bi mkubwa, mke wangu anapenda maua.

Mama Nasri (Makorora)
Nawashukuru nyote. Mama mkwe kasikia habari ya baridi, Lushoto hataki tena. Baba watoto kasoma yaliyompata Abuu, Amani hataki hata kuisikia. Msambaa, hapo Soni kwenu kuna nyumba ya wageni ya familia? Baridi yake ni ile ile ya Lushoto au imepungua?

Mzigua Mpole
Imepungua kidogo. Lakini Mtae...